Jarida la chama kuhamia mtandaoni: nimelinganisha njia nne, na hii ndiyo ningechagua

Bahasha ya mwisho niliyoituma kwa basi ilikuwa ya kaki, saizi ya A4, nimeizungushia selotepu pande zote na kuandika juu kwa kalamu nene: MISWADA, USIKUNJE. Niliikabidhi kwa kondakta stendi ya Arusha saa mbili asubuhi. Mzee wetu wa Lyamungo, mmoja wa wahakiki wanaotupimia makala kabla hazijachapishwa, akateremka Moshi mjini mchana kuipokea, akaikuta imekunjwa mara mbili na ina kila dalili ya kukaliwa. Wiki tatu baadaye ikarudi kwa njia ile ile, pembezoni pamejaa penseli: "Sampuli ngapi? Mwinuko gani? Masika au vuli?" Maswali matatu ya maana kabisa. Mwandishi, kijana wa Ngaramtoni, aliyapata mwezi wa pili tangu alete makala yake.

Mkutano mkuu uliofuata ukaamua "tuhamie mtandaoni". Watu wakapiga makofi, chai ikaletwa, na hakuna aliyeuliza tunahamisha nini hasa na tunakipeleka wapi. Mimi ni mhariri msaidizi, maana yake kazi iliniangukia mimi. Nimekaa nayo miezi kadhaa, nimewasumbua wahariri wa majarida mengine, nimejaribu programu kwenye kompyuta yangu mpaka usiku wa manane. Ninayaandika haya kwa katibu au mhariri wa chama kingine kidogo, awe Tengeru, Mweka au kokote, ambaye kesho atatupiwa mzigo kama huu.

Mtujue kidogo, maana ushauri hutegemea unayemshauri. Sisi ni chama cha watu wa mimea, wadudu na udongo. Jarida letu hutoka mara mbili kwa mwaka, nakala 150, na bodi ya uhariri ni watu saba wenye ajira zao kwingine. Hakuna anayelipwa hata senti. Chama chenye ofisi na wafanyakazi kinaweza kuruka nusu ya wasiwasi wangu.

"Mtandaoni" ni wapi?

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuliona jarida kama gunia moja: libebe, lipandishe, mwisho wa habari. Ukilifungua gunia unakuta kazi nne, na hazilazimiki kuhama siku moja wala kwenda nyumba moja. Kuna kupokea miswada na kuwasiliana na waandishi na wahakiki. Kuna kuchapisha, yaani makala iliyokubaliwa iwafikie wasomaji. Kuna kutunza, ili makala hiyo isomeke hata baada ya miaka 30. Na kuna habari za chama chenyewe: mkutano lini, ada bado ngapi, nani amefiwa.

Hii ya nne naimaliza hapa hapa. Grupu la WhatsApp linatosha, tena watu tayari wamo. Masharti yangu ni mawili tu. Maamuzi ya bodi yaandikwe kwa imeili, kwa sababu grupu likishapata picha za harusi mbili tatu huwezi tena kulipata azimio la mwezi uliopita. Na miswada isipite humo kabisa. Kwetu mhakiki mmoja alikosea akabandika maoni yake kwenye grupu la wanachama wote: "Mwandishi huyu kila kiwavi anachokiona kwenye nyanya anakiita kantangaze." (Kantangaze ndiye yule kiwavi anayemaliza mashamba ya nyanya.) Mwandishi alikuwa humo humo. Alijibu kwa kidole gumba, na tangu siku hiyo hajatuletea makala nyingine.

Jambo jingine dogo: orodha ya wanachama yenye namba za simu isibandikwe kwenye tovuti kwa kisingizio cha uwazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na vyama vyetu navyo vinakusanya taarifa za watu.

Miswada: imeili au mfumo?

Imeili kila mtu anaijua. Haina ada, haihitaji mafunzo, inafanya kazi hata kwa mtu mwenye bando la kuungaunga. Jarida dogo linaweza kuendeshwa kwa imeili miaka mingi na lisife.

Ubovu wake hauonekani mpaka siku mhariri anapougua. Kwetu miswada ilikuwa inaingia kwenye anwani binafsi ya mhariri mkuu. Alipolazwa wiki nne, makala nazo zililazwa. Hakuna aliyejua ipi iko kwa nani, na huwezi kwenda wodini kumuuliza mgonjwa neno la siri. Tena kuna majina ya mafaili. Nina folda yenye "Makala_mwisho", "Makala_mwisho2" na "Makala_mwisho_KWELI", na iliyochapishwa haikuwa hata moja kati ya hizo.

Halafu kuna siri. Majarida mengi ya kisayansi hutaka mhakiki asimjue mwandishi, wala mwandishi asimjue mhakiki. Kwa imeili tunafuta jina ukurasa wa kwanza na kujiona tumemaliza. Lakini faili la Word hubeba jina la mwenye kompyuta ndani yake, na maoni ya pembeni hubeba jina la aliyeyaandika. Bofya kwenye sifa za faili uone. Mji kama Moshi, ambako watu wa kahawa wote wanajuana kwa majina ya utani, hata hilo halihitajiki: mhakiki akiona shamba la majaribio tu anajua ni la nani. Angalau tusimpe na jina.

Upande wa pili kuna mfumo. Unaotumika zaidi na majarida ya vyama na vyuo ni OJS, kirefu chake Open Journal Systems, uliotengenezwa na Public Knowledge Project, mradi ulioanzishwa na John Willinsky mwaka 1998 katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Programu yenyewe ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Mwandishi anajisajili, anapakia makala, anajaza muhtasari na maneno muhimu. Mhariri anaiona, anawapelekea wahakiki, mfumo unawakumbusha tarehe ikikaribia. Kila uamuzi unabaki na tarehe yake na jina la aliyeufanya. Mhariri akiugua, mwenzake anaingia kwa akaunti yake mwenyewe na kuendelea pale pale.

Toleo moja tulilipitisha nusu kwa imeili na nusu kwa OJS ya majaribio, ili tusibishane kwa maneno matupu. Vijana hawakuwa na shida. Mmoja wa Tengeru aliishiwa bando katikati ya kupakia, akaunga kesho yake na kukuta mfumo umemhifadhia alipoishia. Kwa wazee ilikuwa kazi. Mzee wetu wa Lyamungo alinipigia simu saa moja jioni:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii mashine yenu inaniuliza kama mimi ni roboti. Nimjibu nani?"

Tulicheka wote wawili, lakini nilipokata simu nilijua siwezi kumpoteza mhakiki wa miaka ishirini kwa sababu ya kisanduku cha kutiki. Bahati nzuri OJS inamruhusu mhariri kuingia kwa niaba ya mhakiki na kumwekea maoni yake. Inachukua dakika kumi. Dakika kumi mara wazee watano ni chini ya saa moja kwa toleo zima.

Nilichoondoka nacho: ukipokea miswada chini ya 20 kwa mwaka, imeili inatosha, kwa masharti kwamba anwani ni ya chama, watu wawili wana ufunguo wake, na kuna jedwali moja la kuonyesha kila makala iko kwa nani tangu lini. Zaidi ya hapo, au mhariri mkuu akiwa mtu wa safari, nenda OJS. Kinachochosha ni kuwa na vyote viwili nusunusu, kama tulivyokuwa sisi kwa miezi sita: nusu ya mazungumzo iko kwenye mfumo, nusu kwenye simu ya mtu.

Kuchapisha: AJOL au nyumba yetu wenyewe?

Hapa ndipo bodi iligawanyika. Nitalikalia kidogo.

AJOL, yaani African Journals Online, ilianza miaka ya mwisho ya 1990 chini ya shirika la INASP la Uingereza, na tangu mwaka 2005 makao yake yako Afrika Kusini. Haiendeshwi kwa faida. Ina zaidi ya majarida 500 ya Afrika, ya kwetu Tanzania yamo mengi. Kwa chama kama chetu, uzuri wake ni kama kupanga chumba kwenye nyumba yenye mlinzi: seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, si yako kuihangaikia, mashambulizi si yako kuyazuia, na wasomaji wanaotafuta utafiti wa Afrika tayari wanapita mlangoni. Wewe unaleta PDF na taarifa za kila makala.

Lakini mpangaji hapaki rangi ukuta. Anwani si yako, sura si yako, na unakaa foleni na wenzako. Pia watakupima. Tangu mwaka 2017 AJOL na INASP wana utaratibu unaoitwa JPPS wa kuyapa majarida nyota kwa kuangalia mambo kama haya: bodi inajulikana? Utaratibu wa uhakiki umeandikwa? Matoleo yanatoka kwa wakati? Mweka hazina wetu alinung'unika: "Tukipata nyota sifuri si aibu hiyo?" Mimi nilidhani ni faida. Orodha ile ya maswali tuliichapa tukaipitia kabla hata ya kuomba, tukagundua kwamba utaratibu wetu wa uhakiki upo kichwani mwa watu watatu na haujaandikwa popote.

Nyumba yako mwenyewe ni OJS kwenye seva unayoilipia, na jina lako la mtandao, labda lenye mwisho wa .or.tz. Hapo rangi ni yako. Toleo linatoka saa uliyotaka. Unaweza kuweka ukurasa wa Kiswahili kwa ajili ya maafisa ugani, jambo ambalo mimi nalitamani sana.

Gharama ya pesa si kubwa kama watu wanavyoogopa: jina la kila mwaka na seva ya kila mwaka. Inayouma ni gharama ya mtu. OJS inatakiwa kupandishwa toleo jipya, na kabla ya kupandisha unatakiwa kuwa na nakala ya hifadhidata, ya faili la mipangilio na ya folda ya mafaili, na folda hiyo inatakiwa ikae nje ya sehemu ya seva inayofikiwa na umma. Mfumo usioguswa miaka mitatu ni mlango usio na komeo. Akaunti za uongo zitajisajili kwa mamia, na mwisho mtu ataingiza vitu vyake.

Jarida moja la jirani, jina nitalihifadhi, lilimpa kijana hodari kazi hiyo. Akaijenga vizuri kuliko wengi. Jina la mtandao alilisajili kwa jina lake na kadi yake, kwa sababu siku ile ilikuwa rahisi. Kisha akapata masomo nje. Kadi ikaisha muda, ilani za kulipia zikaenda kwenye imeili asiyoifungua tena, jina likaachwa, mtu mwingine akaliokota. Leo ukibofya kiungo cha makala ya minyoo ya ng'ombe kutoka jarida lile unakutana na mikeka ya kubeti mpira. Waandishi wameweka viungo hivyo kwenye wasifu wao wa kuombea kazi.

Kisa hicho ndicho kilichonibadilisha. Niliingia kwenye zoezi hili nikiwa upande wa nyumba yetu wenyewe, kwa fahari tu, nakiri. Sasa swali ninalomuuliza kila anayenishauri ni moja: nani ana funguo, na akiondoka anamwachia nani? Chama kisichoweza kutaja majina mawili hapo hapo, bila kutazamana, kisijenge. Kipange.

Kuna njia ya katikati ambayo watu huisahau, ya kukaa chini ya maktaba ya chuo. Chuo kina seva, kina fundi wa zamu, kina jenereta. Ukanda huu una vyuo vya kutosha. Hatari yake ni kwamba anwani inakuwa ya chuo, na mkutubi aliyewakubalia akihamishwa, anayekuja huenda asiwajue. Omba makubaliano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja. Wala si lazima uchague moja: Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam liko kwenye tovuti ya chuo na liko AJOL pia.

Hoja moja ilirudi mara nyingi kwenye kikao: "Na intaneti ikikatika?" Wote tunakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na nchi nzima ikahema kwa shida. Seva iliyo ndani ya nchi ina nafasi nzuri zaidi ya kufikika siku kama ile. Ila kwa jarida la mara mbili kwa mwaka, siku mbili za giza hazimuui mtu. Kama ungekuwa unatangaza mafuriko ningekuwa na maneno mengine.

Kuonekana: jambo ambalo halijali umechagua wapi

Kabla ya yote haya tulikuwa tayari na "toleo la mtandaoni", tukajisifu nalo. Lilikuwa faili moja la megabaiti 60, kurasa zote za toleo zima, lililoskaniwa na dada wa steshenari karibu na Mnara wa Saa. Alifanya kazi safi, kurasa zimenyooka. Lakini zilikuwa picha. Ukitafuta neno "mnyauko" ndani yake hupati kitu, ingawa makala nzima inahusu mnyauko wa migomba.

Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, ina masharti yake: kila makala iwe faili lake, iwe na maandishi yanayotafutika, isizidi megabaiti 5, na iwe na ukurasa wake wenye jina la makala, waandishi na mwaka. OJS na AJOL (ambayo nayo inatumia OJS) hukutengenezea huo ukurasa. Faili ni kazi yako. Ukipeleka picha AJOL, zitabaki picha AJOL.

Halafu DOI, ile namba ya kudumu ya makala. Ukiwa AJOL wanaweza kukupa zinazoanza na 10.4314, ambacho ni kiambishi chao. Ukijitegemea, unajiunga na Crossref, shirika linalosajili DOI, na hapa kuna habari njema isiyojulikana sana: tangu Januari 2023 Crossref ina mpango uitwao GEM unaoondoa ada kwa nchi zenye uwezo mdogo kiuchumi, na Tanzania imo. Angalizo ni kwamba ukihamisha makala lazima uende ukabadilishe anwani ambayo DOI inaelekeza. Nadhani wale majirani wangekuwa na DOI, wangeweza kuziokoa makala zao na mikeka kwa mchana mmoja.

Mchapishaji mkubwa

Njia hii nitaipita haraka kwa sababu kwetu haikukaa mezani muda mrefu. Vipo vyama vya Afrika Mashariki vilivyoichukua. African Journal of Ecology, iliyoanza mwaka 1963 kama East African Wildlife Journal na kubadili jina mwaka 1979, ni jarida la East African Wild Life Society ya Nairobi na leo linachapishwa na Wiley. Journal of East African Natural History iko BioOne, ambayo ni mkusanyiko usio wa faida, jambo tofauti kabisa na kampuni kubwa.

Unachopata ni mfumo kamili, DOI, kusomwa na maktaba za dunia. Unachotoa ni uamuzi. Ama msomaji analipa, ama mwandishi analipa, na ada ya mwandishi kwa makala iliyo wazi kwenye kampuni kubwa mara nyingi huzidi dola 2,000. Misamaha kwa nchi kama yetu ipo, lakini mara nyingi ni kwa majarida yaliyo wazi yote, siyo yale ya nusu wazi nusu kufungwa. Mtafiti wa Selian hawezi kulipa, na afisa ugani wa Rombo hawezi kununua. Nusu ya maandiko yetu mafupi ni ya Kiswahili. Sikumwona mchapishaji wa namna hiyo akiyataka.

Kama wewe utaifikiria, soma kipengele kimoja kwanza kabla ya vingine vyote: siku ya kuachana, jina la jarida linabaki kwa nani?

Karatasi haijafa, imepungua

Wapo waliotaka karatasi ifutwe siku hiyo hiyo. Nilikataa, na sikufanya hivyo kwa ajili ya wazee peke yao. Nakala za Tanganyika Notes and Records za mwaka 1936 bado zinasomeka maktabani bila umeme wala neno la siri. Tovuti ngapi za miaka kumi iliyopita unaweza kuzifungua leo?

Kilichobadilika ni idadi na namna ya kuchapa. Kwenye ofseti unalipia pleti kwanza, uchape nakala 50 au 500, kwa hiyo nakala chache zinakuwa ghali moja moja. Mashine za kidijitali hazina pleti, unalipia kurasa. Tulihesabu tukashuka kutoka nakala 150 hadi 40: za maktaba, za wanachama wanaozilipia, na chache za vituo vya wakulima ambako jarida hulambwa kidole na kufunuliwa mpaka linachakaa. Pesa iliyobaki inatosha jina la mtandao na seva kwa mwaka na chenji inarudi.

Kitu cha kukumbuka: toleo la karatasi na la mtandaoni kila moja lina ISSN yake, namba ya kulitambulisha jarida, tarakimu nane. Ile ya zamani haihami. Bila ISSN iliyosajiliwa milango mingine haifunguki, ikiwemo DOAJ, orodha ya majarida yaliyo wazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. DOAJ hawatozi kitu kuomba, ila wanataka leseni ya makala itajwe bayana. Sisi tumechagua CC BY, inayomruhusu yeyote kuitumia makala mradi amtaje mwandishi, kwa makala mpya. Za zamani tunaandikia waandishi mmoja mmoja kuomba ridhaa, na kwa waliotangulia mbele ya haki tunazungumza na familia.

Kutunza

Kuwa mtandaoni na kuwa salama ni mambo mawili. OJS ina mtandao wake wa kuhifadhi, PKP Preservation Network, ambao ni wa bure kwa majarida ya OJS yenye ISSN na unatumia LOCKSS, teknolojia ya Stanford inayoweka nakala nyingi sehemu nyingi. Ukijenga nyumba yako, washa hiyo siku ya kwanza. Ukipanga AJOL, bado kaa na mafaili yako kwenye diski mbili zilizo nyumba mbili tofauti, ikiwezekana miji miwili: moja Arusha, moja Moshi.

Kabla ya kutunza lazima uwe nacho. Tulipokusanya matoleo ya nyuma ili tuyaskani, moja halikupatikana popote, hata kwa mhariri wa wakati ule. Lilikutwa Machame, kwa mjane wa aliyekuwa mweka hazina, kwenye sanduku la bati chini ya kanga. Alitukaribisha ndizi, akalitoa mwenyewe, akalifuta vumbi kwa upindo. "Mzee alisema mtakuja," akatuambia. Tuliliskani kwa nukta 300 kwa inchi, tukalipitisha kwenye programu ya kusoma herufi, tukamrudishia kesho yake.

Kwa hiyo, wewe uende wapi?

Chama kisicho na mtu wa kompyuta, jarida la mara moja au mbili kwa mwaka: AJOL kwa kuchapisha, imeili ya chama kwa miswada, karatasi chache. Anza hapo na usione haya.

Chama chenye watu wawili wanaoelewa seva, na ambao wameahidi kufundisha wa tatu: OJS yenu, jina la mtandao kwa jina la chama, na AJOL vilevile kwa ajili ya wasomaji. Kama chuo cha jirani kiko tayari kuwabeba, ondoa seva kwenye hesabu hiyo.

Jarida la Kiingereza lenye wasomaji wa dunia na miswada mingi kuliko mnavyoweza kuhakiki: zungumzeni na wachapishaji, mkiwa na mwanasheria.

Sisi tumeingia kundi la kwanza, kwa kura nne dhidi ya tatu, na mimi nilikuwa kwenye zile nne. OJS tutaiangalia tena baada ya matoleo manne, kama kijana wa pili tunayemfundisha atakuwa bado yupo. Maneno ya siri ya imeili na ya akaunti yetu yameandikwa kwenye karatasi moja, karatasi imetiwa kwenye bahasha ya kaki, na bahasha iko kwenye kabati la mweka hazina, amesaini juu ya gundi.

Mzee wa Lyamungo anaendelea na penseli. Anatumiwa PDF, anaichapa steshenari ya Moshi, anaandika pembezoni, anapiga picha kwa simu ya mjukuu wake na kutuma kwenye imeili ya chama. Maoni ya mwisho yalifika siku ya nne. Swali la kwanza lilikuwa, "Masika au vuli?"